Tuvukie wapi? Zebra, ngazi, njia ya chini au daraja la juu kwenye barabara kuu za Tabora

Ukitoka Tabora kwa kaskazini unakwenda Nzega, kwa magharibi Urambo na Kaliua, kwa kusini Sikonge hadi Mpanda, kwa mashariki Nyahua hadi Itigi. Mabasi na malori ambayo zamani yalihangaika na vumbi na utelezi sasa yanapita kwa kasi juu ya lami, na mji nao unajivuta kuzifuata barabara hizo hizo. Viwanja vinapimwa kushoto na kulia, shule inaangukia upande mmoja, soko na kisima vinabaki upande wa pili. Barabara ikiwa ya njia mbili, mtu anachungulia, anasubiri, anavuka. Siku itakapopanuliwa kuwa njia nne zenye uzio katikati, kuchungulia hakutatosha. Ataletwa mhandisi mshauri, utaitishwa mkutano kwenye ofisi ya kata, mchoro utatandazwa mezani, na mtu wa viti vya nyuma atauliza: "Sasa sisi tutavukia wapi?"

Ulinganisho huu ni wa kumsaidia huyo wa nyuma. Machaguo ni manne: zebra, daraja la miguu lenye ngazi, njia ya kupita chini ya barabara, na daraja la juu la magari lililowekewa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Niseme mapema ninakoegemea. Daraja la miguu la ngazi ndilo ambalo watu huliomba kwanza, na kwa Tabora mimi ningeliweka la mwisho.

Anayevuka ni nani

Simama asubuhi pembeni mwa barabara yoyote inayoingia mjini, macho yatakutana na baiskeli kwanza. Mji huu ni tambarare na baiskeli hapa ni chombo cha kazi: inabeba mkaa, maziwa, mpunga, madumu ya maji, mke na mtoto. Nyuma yake wanakuja wanafunzi kwa makundi, akina mama wenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni, wazee wanaokwenda kliniki Kitete, bodaboda, guta la mizigo, na mara moja moja ng'ombe na mchungaji wao. Mtu wa kiti mwendo au baiskeli ya miguu mitatu humuoni mara nyingi. Yupo, ila amekaa nyumbani kwa sababu njia haimpitishi.

Orodha hiyo itumike kama kipimo. Kila chaguo liulizwe linamwacha nani nje. Daraja la ngazi linaiacha baiskeli yenye mzigo, linaliacha guta, linamwacha mwenye kiti mwendo, na bodaboda hata hasogei. Zebra haimwachi mtu, lakini uhai wa anayevuka unakaa kwenye mguu wa dereva. Njia ya chini inawapokea wote pamoja na ng'ombe, mpaka mvua inyeshe au giza liingie. Daraja la juu la magari lenye njia za pembeni linawapokea karibu wote, ila linakula ardhi ya watu, tena nyingi kuliko wengi wanavyodhani.

Mita sita kwenda juu

Tuanze na daraja la miguu, kwa kuwa ndilo lenye mashabiki. Malori marefu lazima yapate nafasi ya kupita, kwa hiyo kati ya lami na tumbo la daraja huachwa mita tano na nusu hivi. Ongeza unene wa daraja lenyewe, na sakafu anayokanyaga mtu inafika mita sita. Hizo ni ngazi kama 37 za sentimita 16 kila moja. Kijana atazikimbia. Mama mwenye ndoo ya lita 20 atazipanda leo kwa kuwa daraja ni jipya na mwenyekiti wa mtaa anaangalia. Wiki ijayo atatafuta pale ambapo uzio wa katikati umetobolewa.

"Basi tuweke mteremko badala ya ngazi," atasema mtu. Sawa, tupige hesabu. Mteremko wa kiti mwendo haupaswi kuwa mkali kuliko 1 kwa 12, maana yake kila mita moja ya kupanda inadai mita 12 za kwenda mbele. Mita sita za kimo zinadai mita 72, na ukiweka sehemu bapa za kupumzikia kila baada ya mita tisa hivi unavuka mita 80. Huo ni upande mmoja tu. Kuna kuvuka kwenyewe, tuseme mita 30, halafu mita 80 nyingine za kushuka. Mtu ambaye angetembea mita 30 anatembea karibu 200. Kwa mwendo wa kawaida, mita 1.2 kwa sekunde, safari ya nusu dakika inakuwa ya karibu dakika tatu. Na kwa anayesukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, 1 kwa 12 ni mlima. Kupanda ni jasho, kushuka ni breki, na breki za baiskeli nyingi za mkaa zinajulikana zilivyo.

Kuna jambo jingine kwenye hesabu hiyo. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mteremko wa mita 80 ukinyooshwa unatoka nje ya hifadhi na kuingia kwenye viwanja vya watu. Ili ubaki ndani lazima ulazwe sambamba na barabara au ukunjwe mara kadhaa, na kila mkunjo unamzungusha mtu akiwa anaiona kabisa nyumba yake upande wa pili.

Ndiyo maana sipendi ile lawama ya "daraja lipo, wao wanakimbilia kupita chini." Barabara ya Nairobi hadi Thika ilizinduliwa mwaka 2012 ikiwa na njia nyingi na madaraja ya miguu, na habari za watu kugongwa wakivuka chini ya madaraja hayo zimesikika miaka yote iliyofuata. Ni rahisi kusema watu ni wakaidi. Lakini mtu anayetembea hupima njia kwa miguu yake, na akiona anazungushwa ili gari lisipunguze mwendo, anaelewa daraja limejengwa kwa faida ya nani.

Haina maana kwamba daraja la miguu halina pake. Manzese, kwenye Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, watu ni mto kutwa nzima na barabara ni pana yenye mabasi ya mwendokasi katikati. Pale lina kazi. Pia lina faida ya bei na ya muda, kwa sababu ni chepesi kuliko daraja la kubeba malori na halidai kuhamisha watu wengi. Lakini kwenye viunga vya Tabora, ambako anayevuka saa nane mchana anaweza kuwa peke yake na baiskeli yake, litabaki kuwa mahali pazuri pa kutundika bango la matangazo. Na bango hilo, likiziba kingo, linamficha pia kibaka. Saa mbili usiku dada anayetoka kazini hawezi kuona aliyesimama katikati ya daraja mpaka amfikie.

Na bodaboda? Ukiweka mteremko, atapanda nao. Ukiweka nguzo za kumzuia, nafasi inayompitisha mwenye kiti mwendo inampitisha na yeye. Dawa ya bodaboda ni kumpa njia yake, na daraja la miguu haliwezi kumpa.

Daraja la juu ambalo mwenye miguu hakuongezwa mwishoni

Hili ni daraja linaloubeba mtaa wenyewe juu ya barabara kuu: magari, bajaji, bodaboda, baiskeli na miguu. Watanzania wengi wakisikia daraja la juu wanawaza la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, au makutano ya Kijazi pale Ubungo, yaliyofunguliwa mwaka 2021. Hayo yalijengwa kufungua foleni za magari kwenye njia panda kubwa. Ninalozungumzia ni dogo na kazi yake ni nyingine: kuunganisha pande mbili za kata moja ambazo barabara imezikata.

Kimo chake kinazidi cha daraja la miguu, kwa kuwa boriti za kubeba lori ni nene. Tuseme mita saba. Lakini mteremko wake ni mpole, 1 kwa 20 au pungufu, kwa hiyo kila upande unaanzia umbali wa mita 140 hivi. Namba ni kubwa kuliko ile 80 tuliyoilalamikia, na hapa wengi huchanganyikiwa. Tofauti ni kwamba daraja la miguu linakutoa kwenye njia yako, linakuzungusha, linakurudisha. Daraja la mtaa ndilo njia yako. Zile mita 140 zinakupeleka sokoni ulikokuwa unakwenda, na unazipanda taratibu kiasi kwamba mwenye kiti mwendo anajisukuma na mwenye mkaa anasukuma baiskeli yake bila kuita msaada.

Anayepunjwa ni jirani wa karibu kabisa. Nyumba yake iko mita 20 kutoka barabara kuu, na daraja linapita juu ya kichwa chake. Akitaka kulitumia lazima arudi nyuma mita mia na zaidi hadi tuta linakoanzia. Kwa hiyo daraja la namna hii linahitaji pia ngazi za mkato karibu na barabara kuu, pande zote nne. Ngazi hizo ni za nyongeza, kwa anayeweza kupanda. Njia kuu inabaki ile ya mteremko. Michoro mingi huzisahau.

Sasa upana, na hapa nitakaa kidogo. Daraja la Nyerere kule Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lina njia sita za magari na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli ya mita 2.5 kila upande. Kwa watu wanaotembea mikono mitupu, mita 2.5 zinatosha. Kwa Tabora ningedai zaidi. Baiskeli yenye magunia ubavuni inachukua karibu mita moja, mbili zikipishana na mama mwenye ndoo hapo katikati, mtu anasukumwa ukutani. Afadhali miguu ipewe mita mbili zake na baiskeli zipewe mbili zake, zikitenganishwa japo kwa ukingo mdogo. Mchoro ukionyesha njia moja ya mita 1.2 "kwa ajili ya waenda kwa miguu," ujue waenda kwa miguu waliongezwa mwishoni.

Halafu kizuizi kati ya magari na watu. Ukingo wa sentimita 15 unamzuia dereva mwenye adabu. Bodaboda akikuta foleni anaupanda bila kufikiri, na lori likipasuka tairi halihesabu ukingo. Kinatakiwa kizuizi cha zege au chuma kigumu. Upande wa nje, kingo zifike mita 1.1 kwa anayetembea na mita 1.4 palipo na baiskeli, kwa sababu mwendesha baiskeli kitovu chake cha uzito kiko juu zaidi na anaweza kupinduka. Nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita kumi, mtoto asipitishe kichwa. Na ziwe za kumwezesha mtu kuona upande wa pili. Faida kubwa ya daraja la juu kuliko la ngazi ni macho: bajaji inapita, boda anapita, taa zao zinamulika, na kibaka hapendi mahali penye wapita njia.

Ncha za daraja ndizo zinazoniogopesha. Likiwa na barabara za kuingilia na kutokea barabara kuu, dereva anayetoka kwenye kilomita 80 kwa saa anakunja kona akiwa bado na mwendo wa barabara kuu kichwani, na hapo hapo njia ya miguu inakatiza mbele yake. Umemvusha mtu salama juu ya malori halafu ukamgongesha mita 50 mbele. Kona hizo ziwe kali ili gari lilazimike kupunguza, na kivuko kiwe kimeinuliwa. Na kama mtaa hauhitaji kuunganishwa na barabara kuu pale pale, bora daraja lipite juu tu bila viungo vyovyote. Ni bei nafuu zaidi, ardhi kidogo zaidi, na hatari inapungua. Magari yataingilia kwingine.

Kivuli nacho kina nafasi yake. Jua la Oktoba hapa halina mzaha, na mtu juu ya zege tupu hana pa kujificha. Kwenye daraja lenyewe huwezi kupanda mwembe, lakini kwenye miteremko ya tuta unaweza kupanda miti pande zote mbili. Mji ambao misafara ya karne ya 19 iliufikia kwa miguu kutoka Bagamoyo na kuendelea hadi Ujiji, na ambao hadi leo unajulikana kwa miembe yake, hauhitaji kufundishwa kazi ya mti kando ya njia.

Kuna mfano wa mbali ambao una funzo la karibu. Mjini Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, barabara ya kasi ilikuwa imeukata mtaa wa High Street, na daraja la zamani lilikuwa la kupita haraka tu, upepo na kelele za magari chini. Mwaka 2004 walifungua daraja jipya lenye maduka pande zote mbili, hivi kwamba anayetembea anapita mbele ya milango na vioo na hajui kama yuko juu ya barabara kuu. Hatuna fedha za kujenga maduka hewani, wala sidhani tunayahitaji. Lakini wazo lake ni letu kabisa: mtu hupenda kupita penye watu. Mama lishe, fundi wa baiskeli, muuza vocha na kijiwe cha boda wakipangiwa sehemu pana kwenye vichwa vya daraja, daraja litakuwa na uhai hadi usiku. Wasipopangiwa watakuja tu, na watapanga meza juu ya njia ya miguu. Hakuna mgambo atakayelimaliza hilo.

Bei yake? Ni kubwa kuliko machaguo mengine yote, na sehemu isiyoonekana kwenye mchoro ni fidia. Tuta la mita 140 kila upande linavuka mpaka wa hifadhi na kuingia zaidi ya mita mia moja kwenye mtaa. Nyumba na fremu zilizokuwa zinatazama barabara zitajikuta zinatazama ukuta wa udongo. Watu wanaijua tofauti ya X nyekundu, ya kubomolewa bila fidia, na X ya kijani, ya kufidiwa, lakini mwenye fremu ambaye jengo lake halikuguswa na biashara imekufa hapati X ya rangi yoyote. Kama unatetea daraja hili mkutanoni, mtetee na yeye.

Zebra, isidharauliwe

Barabara ya njia mbili ina upana wa mita saba hivi. Mtu mzima anaivuka kwa sekunde sita, mzee au mtoto kwa tisa. Ndani ya sekunde sita gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda mita 83. La kilomita 80 linakwenda mita 133. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akigongwa kwa kilomita 50 uwezekano wa kufa uko chini ya asilimia 20, na kwa kilomita 80 unakaribia asilimia 60. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwenye maeneo ya makazi. Kwa hiyo zebra inafanya kazi pale ambapo 50 ni 50 kweli.

Rangi nyeupe peke yake haiifanyi iwe kweli, na baada ya masika mawili rangi yenyewe huioni. Kinachofanya kazi ni zebra iliyopakwa juu ya tuta bapa, lenye kimo cha sentimita kumi hivi, likitanguliwa na rasta, vile vimatuta vidogo vya kumshtua dereva, na kibao. Barabara ikiwa ya njia nne, ongeza kisiwa katikati. Bila kisiwa mtu yuko barabarani sekunde 12 akiangalia magari ya pande mbili. Akiwa na kisiwa anavuka sekunde sita, anasimama, anageuza shingo, anavuka sita nyingine. Tofauti ya ubora ni kubwa na gharama ni ya vipande vya zege.

Matuta yana maadui. Madereva wa mabasi watalalamika, na wanaolala karibu watasikia fuso likidunda saa nane usiku. Lalamiko la pili nalielewa kuliko la kwanza. Hata hivyo kwa barabara ya njia mbili inayopita kwenye makazi sioni sababu ya kujenga kitu kirefu kwenda juu wakati mwendo ungeweza kushushwa chini. Daraja la miguu kwenye barabara ya namna hiyo ni ujumbe kwa dereva kwamba anaruhusiwa kukimbia.

Njia ya chini

Kimahesabu ni nzuri mno. Mtu anahitaji kimo cha mita mbili na nusu, lori linahitaji tano na nusu. Kwa hiyo anayepita chini anashuka na kupanda nusu tu ya yule anayepita juu. Ubaya wake ni maji. Kwenye tambarare ya Tabora, shimo lolote unalochimba ni bwawa la kuanzia Novemba hadi Aprili, na pampu ya kuyatoa maji itakufa mwaka wa pili. Ubaya wa pili ni giza, ambao hauhitaji maelezo kwa mwanamke yeyote anayesoma hapa.

Ila pale ambapo barabara yenyewe imeinuliwa juu ya tuta, hesabu inageuka: njia ya chini inakaa usawa wa ardhi, fupi, pana, unaona mwanga upande wa pili kabla hujaingia. Kalavati kubwa la namna hiyo linapitisha ng'ombe, guta na wanafunzi bila mtu kupanda hata hatua moja. Reli ya kisasa ya SGR inayojengwa kupita Tabora imesanifiwa bila makutano ya usawa na barabara, kwa hiyo njia hizi tutazizoea tupende tusipende. Wafugaji wangekuwa wa kwanza kuulizwa zikae wapi.

Kigoma ni habari nyingine

Msomaji wa Kigoma anaweza kuwa anacheka hesabu zangu za kupanda. Mji wake unapanda kutoka stesheni na ziwani hadi Mwanga, na barabara zinakatwa kwenye ubavu wa kilima. Pale ambapo lami imechimbiwa na kingo zote mbili ziko juu yake, daraja linaanzia kwenye ardhi na kuishia kwenye ardhi. Hakuna ngazi, hakuna mteremko wa mita 80, hakuna tuta la kula viwanja. Hata lile daraja la miguu nililoliponda linakuwa chaguo zuri na la bei nafuu. Kwenye mteremko ambao upande mmoja uko juu na wa pili chini, tatizo linabaki nusu. Kwa hiyo mtaalamu akija na mchoro uliofanya vizuri Kigoma na kuufungua Tabora, aulizwe kwanza udongo wa pale ulikuwa na kimo gani.

Ningechagua hivi

Kwa barabara ya njia mbili inayokatiza makazi: zebra ya kuinuliwa, moja mbele ya kila shule na kituo cha basi, na mjadala wa daraja ufungwe hapo. Kwa njia nne ambayo bado inakubali kilomita 50: zebra ile ile, kisiwa kipana, na taa za kubonyeza kama umeme wa uhakika upo.

Kwa barabara ya kasi kweli kweli, yenye uzio, inayoigawa kata moja vipande viwili: daraja la juu la magari lenye njia za miguu na baiskeli, hata kama maana yake ni kujenga moja badala ya madaraja matatu ya ngazi. Lakini liwe kwenye mtaa ambao watu wanaupita tayari. Likisogezwa mita 600 kwa sababu huko kiwanja ni cha serikali, watu hawatalifuata, na nitakuwa nimepoteza maneno yote haya. Katikati ya daraja hilo na linalofuata, pale palipo na bonde au tuta, kalavati la kupitisha watu na mifugo.

Daraja la miguu ningelikubali mahali pawili: penye msongamano wa aina ya Manzese, na penye kingo za asili kama za Kigoma.

Mkutanoni, usiulize kama daraja "litakuwa na sehemu ya waenda kwa miguu." Jibu litakuwa ndiyo siku zote. Uliza upana wake kwa mita baada ya kutoa nguzo za taa, kwa sababu nguzo hupandwa katikati ya njia hiyo hiyo. Uliza mteremko ni 1 kwa ngapi. Uliza ngazi za mkato ziko wapi, na mwenye fremu iliyozibwa na tuta anaandikwa kwenye daftari gani. Omba waonyeshe kwa kidole, juu ya mchoro, safari ya mtoto wa darasa la pili kutoka mlangoni kwao hadi getini shuleni.

Na uliza la taa. Barabara kuu chini ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Mtaa unaopita juu kwa kawaida ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Taa zikiungua, mchanga ukijaa kwenye njia ya baiskeli, chuma cha kingo kikiibiwa, ofisi hizi mbili zinaweza kutazamana miezi. Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, kwa jina la ofisi inayohusika, kabla watu hawajatawanyika.